Shilingi Ikiyumba, Hasara Humwangukia Nani?

Ayany ni mtaa wa nyumba za mawe ukingoni mwa Kibera, jijini Nairobi, jirani ya Olympic, Karanja na Fort Jesus. Nyumba zake zilijengwa na Shirika la Nyumba la Taifa baada ya uhuru, zikawa na mabomba, vyoo vya ndani na namba milangoni. Ukiteremka bondeni kuelekea Gatwekera au Soweto unakutana na mabati na udongo, na kodi ya mwezi kwa mwezi isiyo na mkataba wa maandishi. Maduka ya katikati huhudumia pande zote mbili. Mteja mmoja hubeba mtungi wa lita tano wa mafuta ya kupikia na pakiti ya unga ya kilo mbili. Mwingine hunyoosha chupa ya soda apimiwe mafuta ya shilingi ishirini. Huyu wa pili hulipa zaidi kwa kila lita, na bei ikipanda yeye huwa wa kwanza kujua: ishirini yake ni ile ile, mafuta ndiyo yamepungua kwenye chupa.

Shirika la Takwimu la Taifa linaufahamu mpaka huo, ndiyo maana faharasa ya bei ya Nairobi hukokotolewa kwa makundi ya mapato, wa chini, wa kati na wa juu. Lakini takwimu hukueleza bei imepanda kiasi gani, hazikuelezi nani aliamua. Nami nikiisoma historia ya sarafu yetu, kuanzia siku za rupia hadi deni la dola, naona mfumuko wa bei haukuwa kudra tupu hata mara moja. Vita, ukame na bei ya mafuta ya petroli vilichangia, ndiyo. Hata hivyo kila sarafu ilipoyumba, palikuwa na meza fulani ambapo watu wachache walikaa wakaamua hasara imwangukie nani.

Tuanze na rupia. Fedha hii ya Bara Hindi ilikuwa Mombasa na Unguja zamani, ikija na majahazi, kabla Mwingereza hajapandisha bendera. Reli iliyojengwa kati ya 1896 na 1901 ndiyo iliyoipandisha bara, ikiwa mshahara wa vibarua waliotolewa India. Reli hiyo inapita Kibera mpaka leo. Kibera yenyewe ilizaliwa na jeshi. Askari Wanubi wa King's African Rifles, wenye asili ya Sudan, walipewa msitu ule waishi na familia zao, na mwaka 1918 serikali ikautangaza kuwa ardhi ya jeshi, zaidi ya ekari 4,000. Wengi hawakupata pensheni, ardhi ndiyo ilikuwa malipo ya utumishi wao. Kwa jicho la mwanauchumi hayo yalikuwa malipo mazuri kuliko rundo la rupia, maana shamba halipungui thamani sarafu inapooza. Kasoro yake ni kwamba hayakuja na karatasi. Hati ya jamii ya Wanubi ilitolewa 2017, karibu karne nzima baadaye, nayo ni ya ekari 288.

Rupia ilikuwa ya fedha halisi, madini yale meupe, lakini bei yake kwa pauni iliwekwa kwa amri. Mwaka 1905 serikali ya Uingereza ilithibitisha kuwa rupia 15 ni sawa na pauni moja, yaani rupia moja ni shilingi moja ya Kiingereza na peni nne. John Maynard Keynes, kabla hajawa jina kubwa, aliandika kitabu chake cha kwanza, cha mwaka 1913, kuhusu rupia hiyo hiyo. Wakati huo mfumo ulionekana imara. Kisha vita vikuu vya kwanza vikapandisha bei ya madini ya fedha duniani, rupia ikapanda nayo, na mwanzoni mwa 1920 ilifika shilingi mbili na peni kumi. Pauni iliyokuwa ikileta rupia 15 sasa ilileta saba tu.

Mlowezi wa Kiambu au Thika aliuza kahawa na mkonge wake London kwa pauni. Mishahara aliilipa kwa rupia, na deni lake benki lilikuwa la rupia. Kila pauni iliyorudi nyumbani ilikuwa imekatwa nusu. Walowezi walipiga kelele, na London ikaamua kuifunga rupia kwa shilingi mbili, iitwe florini, chini ya Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki iliyoundwa Desemba 1919 na kukaa huko huko London. Florini haikudumu. Shilingi ya Afrika Mashariki ilichukua nafasi yake 1921 na 1922, florini moja kwa shilingi mbili.

Mambo yaliharibika pale rupia ya India ilipoporomoka. Kufikia 1921 ilikuwa imerudi kule kule kwenye shilingi moja na peni nne, huku ya Kenya ikiwa imeshafungiwa juu. Aliyekopa rupia 15,000 kabla ya vita alikuwa na deni la pauni 1,000. Sasa deni lilikuwa pauni 1,500, wala hakuwa ameongezewa hata senti. Kusema kweli walowezi walikuwa na sababu ya kulalamika, benki zilivuna pasipopanda. Lakini tazama walichofanya na hasara hiyo. Mwaka 1921 waajiri walikubaliana kupunguza mishahara ya Waafrika kwa theluthi moja.

Theluthi haikuchaguliwa ovyo. Kibarua wa rupia sita kwa mwezi, kwa kiwango cha zamani, alipata shilingi nane. Kwa kiwango kipya rupia zake sita zikawa shilingi 12. Ukikata theluthi ya 12 unarudi kwenye nane. Mwajiri alijirudishia palepale alipokuwa, kana kwamba hakuna kilichotokea. Kwa kibarua, yaliyotokea yalikuwa mengi: bidhaa za baada ya vita zilikuwa ghali, na serikali ilikuwa imepandisha kodi ya nyumba 1920 kutoka kile ambacho kingekuwa shilingi kumi hadi 16. Deni la benki halikupunguzwa kwa theluthi, wala kodi haikupunguzwa kwa theluthi. Mshahara ndio pekee uliopunguzwa.

Mtu aliyeliona jambo hili kwa karibu alikuwa akifanya kazi ya simu katika ofisi ya Hazina, Nairobi. Jina lake Harry Thuku. Mwaka 1921 aliongoza East African Association kupinga punguzo la mishahara, kodi, kitambulisho cha kipande na kazi za lazima. Alikamatwa tarehe 14 Machi 1922, na siku mbili baadaye polisi wakafyatua risasi kwenye umati uliodai aachiliwe, nje ya kituo cha polisi. Serikali ilihesabu maiti 21, na waliokuwapo walisema ni zaidi. Mary Muthoni Nyanjiru alikuwa miongoni mwa waliouawa. Thuku alipelekwa uhamishoni Kismayu. Kodi ilishushwa hadi shilingi 12. Vitabu vya shule huliweka tukio hili katika sura ya siasa, na ni sawa, ila mimi ningeliweka pia katika sura ya viwango vya kubadilisha fedha.

Baada ya hapo ikaja miaka arobaini na kitu ya utulivu wa sarafu. Kwa kanuni ya Bodi, kila shilingi iliyozunguka Nairobi ilitakiwa iwe na mwenzake wa pauni aliyelala London. Kwa miaka mingi akiba haikutimia, kwa sababu Bodi ilianza maisha ikiwa na hasara ya kuzinunua rupia kwa bei ya juu kisha kuziyeyusha kwa bei ya madini. Lakini kwa sehemu kubwa ya wakati huo haikuchapa fedha kuifidia serikali, na shilingi 20 zilibaki pauni moja hadi uhuru. Anayeamini kwamba sarafu imara peke yake huleta ustawi na aitazame Kibera ya miaka hiyo. Akiba ya Bodi iliwekezwa katika dhamana za Uingereza, kwa hiyo koloni maskini lilikuwa likiikopesha nchi tajiri. Benki kubwa, National Bank of India, Standard na Barclays, zilimkopesha mlowezi na mfanyabiashara wa nje. Mwafrika alizuiwa na sheria kukopeshwa zaidi ya kiasi kidogo pasipo ruhusa. Sarafu ilisimama, naye mchuuzi wa Makina, ndani ya Kibera, akasimama palepale pamoja nayo.

Hata utulivu wenyewe ulikuwa wa kukodi. Vita vya pili vilipopandisha bei Uingereza, bei zilipanda huku pia. Mgomo mkuu wa Mombasa wa Januari 1947, ulioongozwa na African Workers' Federation ya Chege Kibachia, na ule wa Nairobi wa Mei 1950, gharama ya maisha ilikuwa miongoni mwa sababu zake.

Bodi ilihamia Nairobi 1960, na miaka sita baadaye ilikuwa inafungwa. Wengi walitumaini nchi tatu zingebaki na benki kuu moja. Erwin Blumenthal wa benki kuu ya Ujerumani Magharibi aliandika ripoti ya 1963 kuhusu mfumo wa fedha wa Tanganyika, na mijadala ikafuata, lakini kila serikali ilitaka mpango wake wa maendeleo na chombo chake cha kukopa. Kati ya Juni na Septemba 1966 Tanzania, Uganda na Kenya zilifungua benki kuu zao. Noti za Kenya zilitoka tarehe 14 Septemba. Shilingi tatu zilikuwa sawa kwa sawa, saba na senti 14 kwa dola.

Leo shilingi moja ya Kenya hununua zaidi ya shilingi 25 za Uganda. Na hizo ni za baada ya 1987, Kampala ilipofuta sifuri mbili, kwa hiyo ukizirejesha ni zaidi ya 2,500. Kila tawi la familia lilikwenda njia yake. Uganda ya Idi Amin ilichapa fedha huku mashamba na viwanda vikifa, na kufikia 1976 na 1977, barafu ilipokuwa imeharibu kahawa ya Brazil na bei duniani kuruka, kahawa ya Bugisu ilivushwa usiku hadi soko la Chepkube upande wa Kenya, maana hakuna mkulima aliyetaka shilingi ya Kampala. Tanzania ilishikilia kiwango rasmi cha juu hadi 1986, na kabla ya hapo maduka yalikosa sabuni. Magendo yalijaza pengo.

Kenya ilijiona mwerevu, na kwa muongo mmoja ilikuwa na haki. Kati ya 1964 na 1973 uchumi ulikua kwa wastani wa asilimia 6.6 kwa mwaka na bei zikapanda polepole. Ukuaji huo haukutoka benki kuu. Ulitoka kwa wakulima wadogo waliokubaliwa kupanda kahawa na chai, kwa ardhi iliyogawanywa upya, kwa shule na kwa viwanda vya Industrial Area ambako wakazi wa Kibera walikwenda kwa miguu kila asubuhi wakifuata reli. Sarafu tulivu iliwaachia nafasi ya kufanya kazi hiyo, haikuifanya kwa niaba yao. Halafu mafuta ya petroli yakapanda mwishoni mwa 1973, mfumuko ukavuka asilimia 15, na idadi ya watu ilikuwa ikiongezeka kwa kasi iliyoshinda karibu nchi zote duniani. Pesa za kahawa za 1977 zilikuja zikaliwa. Bei ya kahawa iliposhuka na mafuta kupanda tena 1979, matumizi ya serikali hayakushuka nayo.

Miaka ya themanini naipitia haraka, ya kushusha thamani shilingi kidogo kidogo, masharti ya IMF, na gharama za shule na hospitali kurudishwa kwa mwananchi. Waliopunguzwa kazini waliteremka kutoka nyumba za mtaa hadi vyumba vya mabati. Kinachohitaji kuangaliwa kwa makini ni kile kilichotokea kati ya 1991 na 1993.

Novemba 1991 wafadhili walisimamisha misaada wakidai mageuzi. Serikali ilihitaji fedha za kigeni na, upesi zaidi, ilihitaji kushinda uchaguzi wa vyama vingi wa Desemba 1992. Kampuni iitwayo Goldenberg International ilikuwa imepewa haki ya pekee ya kuuza nje dhahabu na almasi, na kwa kila dola iliyodai kuleta ililipwa fidia ya asilimia 35, zaidi ya ile waliyopata wauzaji wengine. Kenya haina migodi ya almasi, na dhahabu yake ilikuwa kidogo. Tume ya Jaji Bosire, iliyoketi kuanzia 2003, ilisikiliza miezi mingi ya ushahidi kuhusu mabilioni yaliyotoka Benki Kuu kwa njia hii. Wakati huo huo fedha za kampeni zilimwagika mitaani. Noti ya shilingi 500 ilibandikwa jina la Jirongo, mwenyekiti wa YK'92, kundi la vijana wa kampeni ya chama tawala, na vijana wa Kibera walilitumia kwa miaka mingi baada ya uchaguzi kusahaulika.

Bili ililetwa mwaka uliofuata. Mfumuko wa bei wa 1993 ulifika wastani wa asilimia 46. Dola iliyokuwa shilingi 36 hivi mwishoni mwa 1992 ilikuwa karibu 68 mwaka ulipokwisha, tena katikati ilipita hapo. Micah Cheserem aliteuliwa gavana wa Benki Kuu Julai 1993 akaanza kuzikausha fedha kwa kuuza hati za Hazina, na riba yake ilivuka asilimia 80. Dawa ilifanya kazi, mfumuko ukashuka na shilingi ikapanda tena 1994. Ila fikiria kila dozi ilimwingia nani. Mwenye fedha za kununua hati za Hazina alilipwa riba ambayo haijapata kuonekana. Mwenye dola alipata karibu maradufu. Tuseme familia moja ya tabaka la kati ilikuwa ikilipia nyumba kwa awamu, kwa kiwango kisichobadilika. Kwa bei kupanda asilimia 46, deni lake liliyeyuka karibu theluthi ndani ya mwaka mmoja, na kama mshahara ulifuata bei hata nusu njia, ilitoka salama. Bondeni, mpangaji asiye na mkataba aliongezewa kodi kila mwenye nyumba alipotaka, na akiba yake, kama alikuwa nayo, ilikuwa noti chini ya godoro. Mfumuko ule ule ulimfuta mmoja deni na kumfuta mwingine akiba.

Ukuaji ndio uliogoma kurudi. Bei zilitulia kuanzia katikati ya miaka ya tisini, lakini uchumi wa Kenya ulikua kwa wastani wa asilimia mbili hivi, chini ya ongezeko la watu, huku Uganda, iliyokuwa na mfumuko wa zaidi ya asilimia 200 mwaka 1987, ikitupita mbio. Fedha za benki zilikuwa zimejifunza kulala katika hati za Hazina. Mkopo wa fundi seremala wa Ngong Road ulikuwa na faida gani mbele ya serikali inayolipa vizuri na isiyokimbia? Tabia hiyo bado iko. Nafuu ilikuja baada ya 2003, kisha M-Pesa ya Machi 2007 ikampa mama mboga njia ya kutunza na kutuma fedha ambayo benki hazikuwahi kumpa. Mwaka 2011 shilingi iliteleza tena hadi 107 kwa dola, mfumuko ukakaribia asilimia 20, na Benki Kuu, iliyochelewa mno kwa maoni yangu, ikapandisha riba yake hadi asilimia 18.

Mwaka 2014 Kenya ilikopa kwa mara ya kwanza katika soko la dhamana za dola. Sehemu ya dola bilioni 2 ilipaswa kulipwa Juni 2024. Dola ikiwa shilingi 87, hilo lilikuwa deni la shilingi bilioni 174. Januari 2024 dola ilifika 160, na deni likawa bilioni 320 pasipo kukopa hata dola moja zaidi. Mlowezi wa 1920 angeielewa hesabu hii mara moja, naye alikuwa na deni katika fedha iliyompanda kichwani. Katika soko la Toi, robota za mitumba ziliagizwa kwa dola na bei ya nguo ikafuata. Kila tarehe 14 watu walisubiri tangazo la bei ya mafuta, na mwishoni mwa 2023 mafuta ya taa yalivuka shilingi 200 kwa lita.

Februari 2024 serikali ilikopa dola bilioni 1.5 mpya, kwa gharama inayozidi asilimia 10, ili kununua sehemu kubwa ya deni la zamani lililokuwa la asilimia 6.875. Mwezi huo huo iliuza hapa nyumbani dhamana ya miundombinu kwa riba ya asilimia 18.46 na kupata karibu shilingi bilioni 241. Wageni walileta dola, na kufikia Aprili shilingi ilikuwa karibu 130. Mwekezaji aliyebadilisha dola zake kwa 155 alikuwa amepata karibu asilimia 20 kwa kupanda kwa shilingi tu, kabla hajahesabu riba. Sioni wizi hapo, alijitosa wakati wengine wakiogopa. Lakini faida yake ililipwa na mtu.

Mswada wa Fedha wa 2024 ndio uliomtaja mtu huyo. Ulipendekeza ushuru wa asilimia 16 kwa mkate na asilimia 25 kwa mafuta ya mimea, yale yale yanayopimwa kwa chupa ya soda. Vijana waliingia barabarani, Wanakibera wakiwamo, tarehe 25 Juni waliingia bungeni, watu wakauawa, na siku iliyofuata Rais Ruto akakataa kutia saini. Baadhi ya ushuru ulirudi Desemba kupitia sheria nyingine, bila mkate.

Tangu hapo shilingi imekaa karibu na 129 kwa dola na mfumuko umekuwa wa tarakimu moja. Sehemu kubwa ya utulivu huo inatokana na fedha ambazo hakuna bodi wala gavana anayezitoa: Wakenya walio nje walituma nyumbani zaidi ya dola bilioni 4.9 mwaka 2024, nyingi kutoka Marekani, na Saudi Arabia pia inachangia, ambako wengi wa wanaotuma ni wasichana walioajiriwa kazi za nyumbani. Deni la Februari 2024 lilipangwa kulipwa kwa mafungu matatu, 2029, 2030 na 2031, kwa dola, kwa kiwango chochote kitakachokuwapo siku hizo.